Kifua kilichonyamaza: uchambuzi wa kisa cha shambulio kali la pumu

Kisa kinachochambuliwa hapa kimejengwa kutokana na mambo ambayo wahudumu wa vyumba vya dharura hukutana nayo mara kwa mara, wala hakimhusu mgonjwa mmoja anayeweza kutambulika. Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha jambo lisiloonekana kwenye orodha ya dawa. Dawa za shambulio kali la pumu ni chache na zinajulikana, lakini mara nyingi mgonjwa huokolewa au hupotea kulingana na namna dalili zake zinavyosomwa upya kila baada ya dakika chache, na baadhi ya dalili hizo, zikisomwa kwa haraka, husema kinyume kabisa cha kinachotokea kifuani.

Mgonjwa alivyofika

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 31 aliyeishi na pumu tangu utotoni. Miaka miwili kabla ya tukio hili alilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi na kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia kwa sababu ya ugonjwa huohuo. Aliporuhusiwa alipewa inhela mbili: moja ya salbutamoli, ya kufungua kifua kinapobana, na nyingine ya steroidi, ya kutumia kila siku ili kutuliza uvimbe wa njia za hewa. Baada ya miezi michache aliiacha ile ya steroidi kwa kuwa alijiona mzima, akabaki na salbutamoli peke yake, ambayo alikuwa akiimaliza karibu kila mwezi.

Siku tatu kabla ya kufika hospitalini alishikwa na mafua. Kikohozi kikaongezeka, kifua kikaanza kumbana usiku, na usiku wa tatu hakuweza kulala chali. Alifika alfajiri akiwa ameshikiliwa na mumewe, akakaa ukingoni mwa kitanda ameinama mbele huku mikono ikiwa imeegemea magotini. "Tangu... jana... usiku," alisema, akivuta pumzi kati ya neno na neno. Mumewe akaongeza: "Daktari, amevuta dawa usiku kucha, haimsaidii."

Alikuwa akipumua mara 34 kwa dakika, na moyo wake ulipiga mara 128. Kipimo cha kidoleni kilionyesha oksijeni ya asilimia 88 kabla hajawekewa oksijeni ya ziada. Misuli ya shingo ilisimama kila alipovuta pumzi, na ngozi kati ya mbavu ilikuwa ikididimia. Mlio wa filimbi ulisikika pande zote mbili za kifua, hasa wakati wa kutoa pumzi. Alipopuliza kwenye kipima kasi ya pumzi alifikisha lita 150 kwa dakika, ilhali kiwango chake bora kilichoandikwa kwenye kadi ya kliniki kilikuwa 420, yaani alikuwa amebaki na takriban asilimia 36 ya uwezo wake.

Kila kimojawapo cha vipimo hivyo kinatosha kuliita shambulio hili kali. Mtu mzima asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, ambaye moyo wake umepita mapigo 120, oksijeni iko chini ya asilimia 90 au kasi ya pumzi imeshuka hadi nusu ya kiwango chake bora, hahitaji kusubiri kipimo kingine ndipo aanze kutibiwa. Historia ya kuwahi kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia nayo inamweka katika kundi la wagonjwa wanaoweza kufa kwa pumu, hata kama angefika akiwa na hali nafuu kuliko hii.

Saa ya kwanza

Mambo matatu yalianza kwa pamoja ndani ya dakika za mwanzo. La kwanza ni oksijeni, iliyorekebishwa ili kipimo kisimame kati ya asilimia 93 na 95. Wako wanaodhani kwamba kadiri oksijeni inavyokuwa nyingi ndivyo mgonjwa anavyokuwa salama, na kwa hiyo huifungulia hadi mwisho. Majaribio yaliyolinganisha njia hizi mbili kwa watu wazima wenye shambulio kali yalionyesha kwamba oksijeni nyingi isiyopimwa hupandisha hewa ukaa katika damu, kwa sababu huharibu ulinganifu kati ya sehemu za pafu zinazopata hewa na zile zinazopata damu. Hata hivyo, pale ambapo hakuna kipimo cha kidoleni, oksijeni isinyimwe mgonjwa kwa hofu hiyo.

La pili ni salbutamoli miligramu 5 pamoja na ipratropiumu miligramu 0.5, zote kwa nebulaiza (kifaa kinachogeuza dawa ya maji kuwa ukungu wa kuvuta) inayoendeshwa na oksijeni, na zikarudiwa kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza. Salbutamoli hulegeza misuli laini inayozunguka njia za hewa kwa kuamsha vipokezi vya beta-2 (sehemu za seli zinazoitikia dawa hii), na huanza kufanya kazi ndani ya dakika tano hivi. Ipratropiumu hupitia njia nyingine, kwa kuzuia ishara za neva zinazoibana misuli hiyohiyo. Peke yake ni dhaifu, lakini ikiongezwa kwa mgonjwa aliyezidiwa hupunguza uwezekano wa kulazwa. Salbutamoli iliingia katika matumizi mwaka 1969, na faida yake kubwa juu ya isoprenalini iliyoitangulia ni kwamba huelekea zaidi kwenye mapafu kuliko kwenye moyo, ingawa, kama tutakavyoona, haiuachi moyo wala mwili mzima salama kabisa.

Hapa inafaa kusema kwamba nebulaiza haina nguvu ya pekee. Kwa shambulio la wastani, mipulizo 4 hadi 10 ya inhela ya kawaida ya mikrogramu 100 kupitia spesa (chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo), kila dakika 20, hufungua kifua sawasawa na nebulaiza, na mara nyingi mgonjwa hutetemeka kidogo kuliko anapotumia nebulaiza. Pasipo spesa ya dukani, chupa safi ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni tundu linaloshika mdomo wa inhela bila kuvuja, imejaribiwa kwa watoto na kufanya kazi vizuri. Inhela hutikiswa, hupulizwa mara moja, mgonjwa huvuta pumzi za kawaida kama tano kupitia mdomo wa chupa, ndipo mpulizo wa pili hufuata. Kupuliza mara kumi kwa mkupuo ndani ya chupa ni kuipotezea dawa kwenye kuta za plastiki. Kwa mgonjwa huyu nebulaiza ilichaguliwa kwa sababu mbili tu: alihitaji oksijeni muda wote, na alikuwa amechoka mno kufuata maelekezo ya kuvuta.

La tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalocheleweshwa zaidi bila sababu, ni steroidi. Alipewa prednisoloni miligramu 50 za kumeza, akazimeza na maji kidogo kati ya pumzi mbili. Salbutamoli hulegeza misuli, lakini haigusi uvimbe wa utando wala makohozi mazito yanayoziba mirija midogo, na hivyo viwili ndivyo vinavyofanya kifua kibane tena baada ya saa chache. Prednisoloni huchukua saa nne au zaidi kabla nafuu yake kuonekana. Kwa hiyo anayeisubiri hadi aone kama nebulaiza tatu zimeshindwa ameipoteza saa moja ambayo hailipiki baadaye, na ushahidi uliokusanywa kwa miaka mingi unaonyesha kwamba steroidi ikitolewa ndani ya saa ya kwanza, wagonjwa wachache zaidi huishia kulazwa. Aidha, kidonge kinafaa sawa na sindano kwa mgonjwa anayeweza kumeza na asiyetapika. Haidrokotisoni, steroidi ya sindano ya mshipa, ni ya yule asiyeweza.

Dakika ya arobaini

Baada ya nebulaiza ya kwanza mikono ya mgonjwa ilianza kutetemeka na mapigo ya moyo yakapanda hadi 136. Oksijeni ilishuka kidogo kabla ya kupanda tena, jambo linalojulikana, kwani dawa hupanua mishipa ya damu hata katika sehemu za pafu ambazo bado hazipati hewa. Nebulaiza ya pili ilifuata.

Dakika ya 40 ikaja na sura nyingine. Pumzi zilikuwa zimeshuka kutoka 34 hadi 22 kwa dakika. Kipimo cha kidoleni kilisoma asilimia 93 akiwa kwenye oksijeni. Mlio wa filimbi uliokuwa ukisikika hata bila stetoskopu ulikuwa umekaribia kutoweka, na mgonjwa, aliyekuwa akihangaika, sasa alikuwa ametulia macho yakiwa nusu wazi. Tabibu aliyekuwa zamu aliandika kwamba kifua kimeanza kufunguka, akapanga kumwangalia tena baada ya saa moja.

Mtu akiitazama karatasi peke yake, namba zote zinaelekea kuzuri. Muuguzi aliyekuwa kando ya kitanda ndiye aliyekataa kuridhika. Alikuwa amemuuliza mgonjwa jina lake, na mgonjwa, ambaye dakika 40 kabla alijibu neno kwa neno, safari hii alitikisa kichwa tu. Daktari mwandamizi alipoitwa aliweka stetoskopu kwenye kifua na kusikiliza kwa makini chini ya mabega yote mawili: filimbi hazikusikika, lakini wala hewa haikusikika ikiingia. Mgonjwa alishindwa kupuliza kipima pumzi.

Mlio wa filimbi ni sauti ya hewa inayolazimishwa kupita penye wembamba, na ili utokee ni lazima hewa ipite. Njia zikizidi kuziba, au misuli ya kupumulia ikichoka kiasi cha kutosukuma tena, mlio hukoma. Vivyo hivyo, idadi ya pumzi hushuka kwa sababu mbili zilizo kinyume: kifua kimefunguka, au mwenye kifua amekata tamaa ya kupigana. Kinachotenganisha hali hizi ni mgonjwa mwenyewe. Aliyepata nafuu huongea zaidi, huomba maji, hulalamikia barakoa, na hewa husikika hadi chini ya mapafu. Aliyechoka hunyamaza.

Damu ya ateri ilichukuliwa. Uchachu wake ulikuwa pH 7.36, na hewa ukaa ilikuwa na shinikizo la kilopaskali 5.6, sawa na milimita 42 za zebaki. Maabara iliirudisha karatasi bila alama yoyote ya tahadhari, kwa sababu kwa mtu mzima wa afya namba hizo ni za kawaida. Kwa mgonjwa wa pumu kali si za kawaida hata kidogo. Mtu anayehema mara 34 kwa dakika huifukuza hewa ukaa, nayo hushuka chini ya kiwango cha kawaida. Hivyo ndivyo inavyotarajiwa mwanzoni mwa shambulio. Ikipatikana katikati ya kiwango cha kawaida maana yake imeshaanza kupanda kutoka chini, na kituo kinachofuata ni juu, ambako mgonjwa husinzia na kuacha kupumua. Miongozo huiweka hewa ukaa ya kawaida katika alama za shambulio linalotishia maisha, pamoja na kifua kilichonyamaza, kuchanganyikiwa na midomo kugeuka rangi ya buluu.

Hatua zilibadilika papo hapo. Alitundikiwa magnesiamu salfeti gramu 2 kwa dripu ya dakika 20, dawa inayolegeza misuli laini kwa kuzuia kalsiamu kuingia ndani ya seli, na ambayo hutolewa mara moja kwa yule ambaye dawa za kuvuta na steroidi hazijamtosha. Shinikizo la damu lilipimwa wakati wote wa dripu, kwa kuwa magnesiamu huweza kulishusha. Salbutamoli ikaendelea kwa nebulaiza bila kukatizwa. Picha ya kifua ilipigwa pale pale kitandani ili kuhakikisha kwamba hewa haijavuja kati ya pafu na ukuta wa kifua; ilionyesha mapafu yaliyojaa hewa kupita kiasi, bila uvujaji. Daktari wa usingizi na chumba cha wagonjwa mahututi waliarifiwa mapema, kabla hawajahitajika.

Jambo hilo la mwisho lina uzito wake. Kumwingizia mgonjwa wa pumu mrija kwenye koo la hewa si suluhisho rahisi linalongoja mwisho wa ngazi. Hewa iliyonaswa katika mapafu yake hutoka polepole, na mashine ikimsukumia pumzi nyingi kwa dakika, kila pumzi hukaa juu ya iliyotangulia hadi kifua kijae, damu ishindwe kurudi moyoni na shinikizo lianguke. Ndiyo maana mashine huwekwa pumzi chache, na muda mrefu wa kutoa hewa, hata kama hewa ukaa itabaki juu kwa muda. Kazi ya namna hiyo hufanywa na mtu mzoefu aliyejiandaa.

Filimbi zinarudi

Dakika kama 15 baada ya dripu kumalizika, filimbi zilisikika tena kwa nguvu pande zote mbili, na pumzi zikapanda hadi 30. Ndugu waliokuwa nje, waliposikia mlio umerudi, walidhani amezidiwa. Ukweli ni kwamba hii ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza ya kweli ya nafuu: hewa ilikuwa imeanza kupita tena. Mgonjwa alifungua macho, akajibu kwa maneno matatu matatu, na kipima pumzi kilisoma 190. Hewa ukaa iliyopimwa tena ilikuwa imeshuka hadi kilopaskali 4.5.

Saa ya tatu ilileta fumbo jingine, dogo kuliko la kwanza, ambalo hata hivyo huwapotosha wengi. Filimbi zilikuwa zimepungua, hewa ikiingia vizuri, kipima pumzi kikiwa 240, lakini bado alikuwa akipumua mara 28 kwa dakika na kusema kwamba pumzi hazimtoshi. Mwelekeo wa kwanza wa mtu ni kuongeza salbutamoli. Lakini kipimo cha damu kilionyesha lakteti (zao la seli zinapovunja sukari) ya milimoli 4.8 kwa lita na potasiamu ya 3.1. Salbutamoli nyingi huamsha vipokezi mwili mzima, huongeza uzalishaji wa lakteti na kuisukuma potasiamu ndani ya seli. Uchachu unaotokana na lakteti humlazimisha mgonjwa kuhema ili kuusawazisha. Hapo dawa yenyewe inakuwa chanzo cha kuhema kunakofanana na pumu. Nebulaiza ziliachanishwa hadi saa nne baina ya moja na nyingine, potasiamu ikarudishiwa, na kufikia jioni pumzi zilikuwa 20.

Kuna mambo ambayo hayakufanyika, na sababu zake zinastahili kutajwa. Hakupewa antibayotiki, kwa sababu mashambulizi mengi yanayofuata mafua huchochewa na virusi, na hakuwa na homa wala dalili ya nimonia kwenye picha. Hakupewa aminofilini, dawa ambayo umbali kati ya dozi inayofaa na inayodhuru ni mdogo, ikileta kutapika, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na degedege, bila faida ya wazi kwa mgonjwa aliyekwishapata salbutamoli ya kutosha. Na alipokuwa akihangaika mwanzoni, ndugu mmoja aliomba apewe kitu cha kumtuliza. Alikataliwa kwa upole na kwa uthabiti: kuhangaika huko ni ubongo ukidai hewa, na dawa ya usingizi kwa mtu ambaye hana mashine ya kumpumulia inaweza kumwua.

Usiku uliotangulia

Mumewe alipoulizwa kwa utulivu siku ya pili, alitoa mfukoni ile inhela. Ilikuwa ya mipulizo 200, isiyo na kihesabu. Ukiitikisa ilionekana kuwa na kitu ndani, na ukiibonyeza ilitoa ukungu, lakini kwa mahesabu ya matumizi yake dawa ilikuwa imekwisha siku kadhaa nyuma. Inhela za aina hii huendelea kutoa gesi ya kusukumia hata dawa inapokuwa imekwisha, na mgonjwa hana njia ya kutofautisha kwa macho wala kwa sikio. Usiku kucha alikuwa akivuta gesi tupu, na kila mpulizo ulimpa sababu ya kusubiri kidogo zaidi.

Uchelewaji wa namna hiyo si jambo la huyu peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa vifo vya pumu uliochapishwa Uingereza mwaka 2014 ulichambua vifo 195 na kukuta kwamba asilimia 45 ya waliokufa hawakutafuta msaada wa kitabibu au walifariki kabla huduma ya dharura haijawafikia. Katika 165 ambao idadi ya inhela za kufungua kifua walizoandikiwa ilijulikana, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 ndani ya mwaka mmoja. Mgonjwa wetu, kwa kumaliza moja karibu kila mwezi, alikuwa akiwakaribia watu hao kwa miaka miwili, na hakuna aliyemwuliza kwa nini dawa inaisha haraka hivyo. Tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu haipendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake, kwa sababu hufungua njia huku ikiuacha uvimbe uendelee kukua.

Aliruhusiwa siku ya nne, kasi ya pumzi ikiwa 320, sawa na asilimia 76 ya kiwango chake bora. Prednisoloni aliendelea nayo hadi siku ya saba na kuiacha bila kupunguza dozi polepole, jambo ambalo kwa kozi fupi kama hii halina haja. Inhela yake ilibadilishwa kuwa yenye budesonidi (steroidi) na formoteroli (dawa ya kufungua kifua) pamoja, ambayo huitumia kila siku na pia kifua kinapobana, ili kila anapotafuta nafuu apate na steroidi ndani yake. Muuguzi alimtaka avute mbele yake, akagundua kwamba alikuwa akibonyeza pumzi ikiwa tayari imekaribia kujaa, hivyo sehemu kubwa ya dawa ilibaki kooni. Alirekebishwa na kurudia hadi ikakaa sawa. Aliondoka na karatasi yenye namba za kipima pumzi chake: chini ya 340 aongeze dawa kama ilivyoandikwa, chini ya 210 ameze prednisoloni aliyopewa ya akiba na aanze safari ya hospitali bila kungoja kuche. Miadi yake ya kliniki iliandikwa kabla hajatoka wodini, ndani ya wiki hiyohiyo.